Mbwa wa Gredi ya Nne

Aliogopa mbwa. Nianzie hapo, kwa sababu watu waliosikia habari zake bila kumjua hudhani alikuwa mtu wa kufuga mbwa na kuwabembeleza. Wapi! Bawabu wa shule yetu alikuwa na kambwa kamoja kazee kasikokuwa na meno, na bado Madam akifika getini alisimama mbali na kuita, "Funga huyo mnyama wako!" Hapiti mpaka aone kamba. Na huyu ndiye mwanamke aliyewafundisha watoto wa Keringet mambo ya mbwa wa theluji mpaka wakaanza kubweka darasani.

Kubweka huko sikuhadithiwa. Yeye alikuwa Gredi ya Nne, mimi Gredi ya Tano, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao za ofkati, zile zinazouzwa na maganda yake. Kati ya ubao na ubao unapitisha kidole. Niko hapa nafundisha sehemu, nimefika thuluthi mbili, na upande wa pili watoto wanalia "Wuuuu!" kama fisi waliosikia mzoga. Darasa langu linaangua kicheko. Nagonga ukuta na dasta. Sauti yake inapita kwenye ufa, bila haraka: "Samahani, Mwalimu. Tunaanza safari, tutatulia sasa hivi." Na kweli wanatulia. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba wangu mimi hawakuwa wakitulia.

Walimu tulimwita Madam, na wazazi wakamwita Madam wa Gredi ya Nne. Alikuwa mtu wa Nakuru mjini, na baridi ya Keringet ilimpiga siku ya kwanza, naye hakuisamehe kamwe. Alivaa sweta mbili na juu yake koti la mtumba la kijani lililomfika magotini. Chumba cha walimu alikaa pembeni, amekumbatia kikombe chake. Nasema chake kwa sababu alikifungia kwenye kabati. Siku moja nilikichukua bila kujua, nikajimiminia chai. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, hicho kikombe kina mwenyewe." Akakitwaa mkononi mwangu, akaimwaga chai nje ya dirisha, akakisuuza. Chai yangu, jamani, ya maziwa, bado inatoa moshi! Nilimchukia wiki mbili nzima.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliwafundisha watoto kuvuta pamoja, na yeye mwenyewe havuti na mtu. Michango ya walimu, ya mazishi na ya harusi, alitoa, lakini kukaa kwenye kamati hapana. Mkutano ukipita saa yake alisimama, akavaa koti, akaenda zake hata kama hedimasta yuko katikati ya sentensi. Alikaa karibu muhula mzima bila kumsemesha hedimasta huyo kwa sababu ya chaki, na ukimuuliza chaki ilifanya nini, anakwambia, "Muulize yeye." Hakuwahi kumpiga mtoto. Lakini ulimi wake! Aliwahi kumwambia mtoto aliyekuja na kucha ndefu, "Ukimaliza kulima na hizo, uniazime." Mtoto akacheka mwenyewe, akaenda kukata.

Mambo ya mbwa yalitoka kwenye sanduku la vitabu vya msaada. Waliofundisha shule za mashambani wanayajua masanduku hayo. Mtu wa ng'ambo amesafisha nyumba, ameona vibaya kutupa, ametuma Afrika. Unafungua kwa hamu unakuta vitabu vya kupamba keki na mwongozo wa gari ambalo halijawahi kukanyaga barabara ya Kenya. Sisi tulivipanga kwenye rafu ili wageni wakija waone tuna maktaba. Madam alichomoa kijitabu kimoja chembamba, cha walimu wa huko kaskazini kabisa mwa dunia, kinachoeleza namna ya kufundisha hesabu, sayansi na kusoma kwa kufuata mashindano ya sledi. Sledi ni kama mkokoteni usiokuwa na magurudumu, unateleza juu ya theluji. Mbwa wanafungwa mbele wawili wawili, mtu anasimama nyuma, na safari yao ni ya siku nyingi, kituo hadi kituo.

Tulimcheka sana. Hedimasta alisema, "Madam, huku hata friji iko kwa chifu peke yake. Theluji utaitoa wapi?"

Akauliza, "Na sakitu?"

 Sakitu tunaijua sote. Unaamka asubuhi nyasi ni nyeupe, jua linapochomoza majani ya viazi yanageuka meusi kama yaliyomwagiwa maji moto, na mtu mzima anasimama kwenye shamba lake machozi yakimlengalenga.

"Basi," akasema Madam. "Baridi hawa watoto wanaijua. Kilichobaki ni mbwa."

Nitampa haki yake: hakukinakili kile kijitabu. Ukutani alibandika ramani ya barabara kuanzia Keringet, kushuka Molo, Sachangwan, Salgaa, Nakuru, hadi Kikopey karibu na Gilgil. Kila timu ilikuwa na kizibo chake cha soda. Mkisoma ukurasa na kuueleza, kizibo kinasonga. Mkikosea kuzidisha, mnabaki kituoni "kupumzisha mbwa" mpaka mpate jibu. Salgaa, kwenye mteremko unaoua malori, ilikuwa lazima kukagua breki. Sachangwan watoto walinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, bila kuambiwa, kwa sababu hakuna nyumba ya huku isiyokuwa na mtu aliyemjua mtu aliyeteketea pale lori la mafuta lilipolipuka. Na Kikopey kuwa mwisho wa safari ni watoto walioamua wenyewe. Aliwauliza kwa nini, wakamjibu kwa sauti moja, "Nyama, Madam!" Alikubali. Alisema hakuna mbwa popote duniani anayekimbia kufuata hewa.

Kufungasha mizigo kulikuwa somo la uzani. Aliazima mizani ya dukani, akaweka vitu mezani, blanketi, unga, sufuria, kiberiti, kamba, jembe, akawaambia sledi haiwezi kubeba vyote, waamue kipi kinabaki. Kijana mmoja alikataa katakata kuacha jembe. "Nikifika na hakuna chakula, nitalima." Madam akamuuliza atalima theluji? "Si kuna mchanga chini yake, Madam?"  Madam akasema, "Haya, pakia jembe. Lakini utaacha blanketi." Kijana akafikiri, akaacha unga.

Siku nyingine aliwaambia kwamba huko juu, miezi fulani, jua halizami. Sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta, jua letu lina adabu, linatoka na kuingia saa zile zile. Watoto walibisha. Mmoja akauliza, "Sasa Madam, ng'ombe wanajua aje saa ya kukamuliwa?" Niliacha kufundisha kabisa nikatega sikio kwenye ufa, maana hata mimi nilitaka kujua. Akasema, "Sijui. Tutatafuta." Alikuwa mwepesi wa kusema sijui, neno ambalo mimi hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Na walitafuta. Wiki iliyofuata nilisikia majadiliano marefu juu ya kiwele kinachouma chenyewe saa ikifika.

Walishona soksi za mbwa pia, kutoka kwa sweta kuukuu, kwa sababu mbwa wa sledi huvalishwa miguuni wasikatwe na barafu. Wakataka kuzijaribu. Walimkamata yule mbwa wa bawabu, wakamvisha soksi nne, mbili nyekundu na mbili za sare ya shule, naye akatembea uwanjani akinyanyua miguu kama bibi harusi kwenye matope. Shule nzima ilitoka nje. Madam alitazama kupitia dirishani, dirisha limefungwa.

Mbio zenyewe zilikuwa Ijumaa, baada ya saa nane, uwanjani. Sledi ilikuwa mtungi mkubwa wa plastiki uliopasuliwa katikati, vile vile watoto wa huku wanavyoteleza nao kwenye miteremko tangu zamani. Timu ilikuwa ya watoto sita. Walijifunga magunia kiunoni, kamba ikapita katikati, mizigo ikapakiwa, na ukungu ukiwa umeshuka hivi kwamba goli la pili halionekani, yeye anasimama kwenye ngazi za darasa na kupiga kelele: "Kulia! Kushoto! Taratibu!" Mwenye nguvu sana hakupewa kamba ya mbele. Kamba ya mbele alimpa mwenye masikio. "Mbwa wa mbele si dume la nguvu," alisema. "Ni yule anayesikia mara ya kwanza."

Mwaka wake wa mwisho kwetu, mbwa wa mbele wa timu moja alikuwa Chebet. Msichana mwembamba, mtoto wa kwanza kwao, mkimya. Kusoma kulimtoa jasho. Alifuata mstari kwa kidole kana kwamba maneno yatamtoroka. Lakini ukungu ukishuka na Madam akiita, Chebet alikuwa ameshageuka kabla neno halijaisha, na wale watano nyuma yake wanageuka naye. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo ambalo wengine walimhitaji awepo ndipo lifanyike. Mtu yeyote aliyemwona uwanjani angesema ni mtoto mwingine.

Sheria za Madam zilikuwa mbili, nazo ndizo zilizoleta shida. Ya kwanza: timu haijafika mpaka wa mwisho afike. Hata watano wakivuka mstari na mmoja ameanguka kule nyuma, hakuna kilichofika. Ya pili: timu isiyotimia haikimbii. Hakuna mbwa wa akiba. Mmoja akikosekana, wengine watano wanakaa kwenye ngazi wakitazama wenzao. Tulibishana juu ya hiyo ya pili. Nilimwambia ni dhuluma kuwaadhibu watano kwa kosa la mmoja. Akaniuliza, "Na huyo mmoja ni nani anamtafuta, Mwalimu? Wewe?" Nikamwambia ni kazi ya chifu. Alicheka, na mtu huyu alicheka mara chache sana. "Chifu! Chifu mwenyewe si yuko kwa viazi."

Alikuwa anasema kweli. Msimu wa viazi ukifika, madarasa ya huku yanabaki nusu. Lori limeshafika, mnunuzi hangoji, mikono ya nyumbani haitoshi, mtoto anaachwa shambani siku mbili, siku mbili zinakuwa wiki, na wengine huwaoni tena. Walimu tunaita majina, tunaweka alama ya kutokuwepo, tunaendelea. Msimu huo, Ijumaa moja, Chebet hakuja. Wale watano waliona mtungi wao umelala hapo, wakaona timu nyingine zinajifunga. Hawakumuuliza Madam. Waliondoka na magunia yao kiunoni wakapanda hadi kwao Chebet, wakasimama mwisho wa shamba kwa mstari.

"Mama Chebet, tumekuja kuchukua mbwa wetu."

Mama yake aliwafukuza. Hawakwenda. Aliwatishia na jembe. Walisogea nyuma kidogo wakasimama tena. Watoto hao baadaye walinieleza kwamba hawakuwa na ukaidi wowote, walikuwa tu hawajui watafanya nini wakirudi bila yeye. Mwishowe mama akatupa mikono juu, "Haya nendeni! Nendeni wote mnitoke hapa!" Chebet akatupa kiazi alichokuwa ameshika, akakimbia nao vile vile, miguu ina udongo, na timu ikakimbia Ijumaa hiyo.

Habari ikaenea. Timu zote zikaanza. Asubuhi ungeona vikundi vya watoto vinapanda vilima, vinasimama kwenye mageti, "Tumekuja kuchukua mbwa wetu." Msimu ule wote Gredi ya Nne ilijaa. Yangu mimi ilikuwa nusu kama kawaida. Sitaki kusema nilifurahi kwa ajili yake. Niliona wivu.

Lakini huku kwetu, kumwita mtu mbwa si mchezo. Watu wamefikishana kwa wazee kwa neno hilo, wengine kortini. Na sasa watoto wanarudi nyumbani wakijisifu, "Mimi ni mbwa wa mbele!" Bibi mmoja alimlisha mjukuu wake chumvi akidhani amerogwa. Mkutano wa wazazi ukaitishwa, na uwanja ulijaa kuliko siku ya kugawa vitabu.

Mama Chebet ndiye aliyesimama kwanza. Ningependa asieleweke vibaya. Mume wake alikuwa kibarua mbali, harudi, na lile shamba lilikuwa juu ya mgongo wake yeye. Siku ile Chebet alipochukuliwa, lori lilijaza kwa jirani likaondoka, na viazi vyake vikabaki vimechimbwa juani. Lakini hakusema hayo. Alisema, "Mimi nilizaa mtoto. Sikuzaa mbwa. Madam anafunga watoto wetu kamba, anawabwekesha, wanatembea kwa maboma ya watu wakitafuta mbwa. Mtoto wangu si mbwa!"

Makofi, vigelegele, ndiyo, ndiyo. Mwenyekiti akamgeukia Madam ajibu. Alisimama taratibu na koti lake la kijani. Nilijua hatasema pole. Nilitamani aseme. Neno dogo tu lingetosha, lile watu wa huku wanalotaka kusikia ndipo waketi.

"Kweli, Mama Chebet," akasema. "Mtoto wako si mbwa. Basi asiwe punda pia."

We!  Uwanja ukalipuka. Kila mzazi aliyekuwa na mtoto shambani alijiona ametukanwa yeye binafsi, na walikuwa karibu wote. Madam alikaa chini, akafungua mkoba, akatoa leso, akajipangusa pua. Baridi, si machozi. Nilikuwa karibu naye, niliona.

Bodi ya shule iliamua hapo hapo: mambo ya mbwa yakome. Jumatatu, gwaride la asubuhi, hedimasta akaisomea shule uamuzi huo kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna timu, hakuna kamba, hakuna kubweka, na mtoto asionekane tena kwenye boma la watu akimwita mwenzake. Madam alisema, "Sawa." Mtu aliyenuna muhula mzima juu ya chaki hakubishana juu ya hili hata dakika. Alibandua ramani, akamrudishia bawabu mitungi aliyokuwa ameiazima kwake, akafundisha kutoka kitabu cha serikali hadi shule ilipofungwa. Ukuta wetu ulikuwa kimya. Nilifundisha sehemu kwa utulivu mkubwa, na niseme ukweli, sikuupenda.

Muhula uliofuata alihamishwa. Wengine walisema aliomba, wengine kwamba aliombewa. Siku ya kuondoka hakutoa hotuba wala hatukumwandalia soda. Alifungua kabati, akachukua kikombe chake, akakifunga kwa gazeti, akatuambia, "Haya, kaeni salama." Kwa ngazi za darasa alisimama kidogo akiwatazama watoto wakicheza, kisha akaenda.

Darasa lake lilipanda likaja kwangu. Lilikuwa darasa la ajabu. Ukimuuliza mtoto swali, kabla ya kujibu anageuka kuwaangalia wenzake kama wako. Msimu wa viazi ulipofika Chebet alikosa siku mbili, siku mbili zikawa wiki. Wale watano walikaa wakitazama dawati lake. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si tuende?" lakini amri ya hedimasta ilikuwa bado imesimama, nao walikuwa watoto watiifu. Madam ndiye aliyewafundisha kusikia mara ya kwanza. Chebet hakurudi.

Sikumwona Madam miaka mitatu. Mwaka huu walimu tulikuwa tumeitwa semina Naivasha, na tukirudi gari likasimama Kikopey, maana hakuna mwalimu mwenye akili anayepita Kikopey bila kusimama. Nikiwa nachagua mbavu, nikasikia nyuma yangu sauti inamwambia mchinjaji, "Hiyo ni mafuta, weka nyama." Nikageuka. Alikuwa bila koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Kumbe ni mtu mwembamba. Huko Gilgil kuna jua na vumbi, na jua hilo lilikuwa limempenda. Shule yake haikuwa mbali.

Tulikaa meza moja. Alikula vizuri, akaniuliza habari za baridi, akatukana ugali wa hapo, akamtukana hedimasta wetu mpya ambaye hakuwa hata amemwona. Nilifurahi. Sikutarajia kwamba nitafurahi. Nyama ilipobaki mifupa, akauliza, "Wale wa mwisho wangu wako Gredi ya Nane sasa?"

"Ndio. Wanaendelea vizuri."

"Wote?"

"Wote. Isipokuwa Chebet."

Aliweka chini alichokuwa ameshika. "Aliacha lini?"

"Gredi ya Tano. Msimu wa viazi."

"Nani alienda kwao?"

Nilimweleza habari ya amri. Alinisikiliza hadi mwisho, na usoni hakukuwa na hasira, ingawa ningependelea ingekuwepo. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto swali ambalo anajua analiweza. "Mwalimu. Nani alienda kwao?"

"Hakuna."

Alikwenda kwenye karai akanawa mikono, akarudi akiikausha kwa leso. "Kesho ni Jumamosi," akasema. "Uko na kazi?"

Kesho yake alishuka Keringet asubuhi, ukungu bado uko chini, na lile koti la kijani limerudi mwilini. Tulipanda kilima bila maneno mengi. Alikuwa anahema, anasimama, analaani baridi, anaendelea. Njiani nilimwambia ajitayarishe, kwamba yule mama ana kinywa, na lile neno la punda halijasahaulika huku. Akaniambia analikumbuka, na kwamba angelisema tena.

Walikuwa shambani wawili, mama na binti, wanachimba. Chebet amekuwa msichana mkubwa, mrefu kuliko mama yake. Alimwona Madam kwanza. Alisimama wima, jembe mkononi, na hakusogea wala kusalimu. Madam naye akasimama mwisho wa mistari ya viazi, pale pale, nadhani, waliposimama wale watano. Nikasimama kando yake. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Mama Chebet," akasema Madam. "Habari ya asubuhi. Tumekuja kumchukua mtoto."

Mama alinyoosha mgongo. Nilijitayarisha kwa matusi. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama nyuma yetu kwenye njia kana kwamba kuna wengine wanakuja, kisha akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Mlikawia," akasema.

Madam aliinamisha kichwa. 

"Mwaka wa kwanza huyu alikuwa anaamka anavaa sare. Anakaa hapo kwa mlango. Nikamwambia ngoja, watakuja tu, wale hawanisikiangi. Hakuna mtu alikuja." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Nikasema basi, labda shule haimtaki."

"Mama, kwa mkutano si mlisema..." nikaanza mimi.

"Tulikataa mambo ya mbwa, Mwalimu," akanikata. "Kuja, nani alikataza?"

Chebet alikuwa ameshaweka jembe chini. Alikwenda kwenye tangi la maji kando ya nyumba, akainama, akaanza kunawa miguu.